Cherehani ya Akina Brandel Iliyobaki Mbotela

Sifa zote ni kwa Mungu, aliyewashonea wazazi wetu wa kwanza mavazi ya ngozi kabla hajawatoa bustanini. Kila niketipo kibandani hukumbuka kwamba kazi yangu aliianza Yeye, tena aliifanya kwa ajili ya watu waliokuwa wamemkosea. Namshukuru kwa macho ambayo bado yanaliona tundu la sindano nikisogea kwenye mwanga, na kwa magoti yanayokubali kupigwa, ingawa siku hizi yanakataa kuinuka upesi.

Vijana wangu, ninyi mnaojifunza kushona ngozi kwa binti yangu Mwende hapa Mbotela, Nairobi, na wengine mtakaoyapata maneno haya, mmekuwa mkiniuliza habari za yule binti Mzungu. Mtaani mmesikia kwamba alikuja kutunyang'anya mashine. Wengine mmesikia alikuja kuolewa na kijana wangu anayekaa mtaa wa Pipeline. La pili si kweli. La kwanza nitawaeleza, lakini mnivumilie, maana mzee hukumbuka mambo kama anavyotafuta miwani, mara huku mara kule.

Alikuja asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Nilikuwa nimekaa nje ya kibanda nikiupaka uzi nta. Hiyo ndiyo kazi niliyoachiwa tangu nistaafu. Mwende husema ni kazi muhimu, nami sijataka kuchunguza kama anasema kweli. Nikaona viatu kwanza, kama fundi wa ngozi anavyoona kila mtu. Vilikuwa viatu vizuri, lakini kisigino cha kushoto kilikuwa kimelika upande mmoja, cha mtu anayesimama sana kazini akiegemea meza. Nikapandisha macho. Msichana mrefu, nywele fupi, mkoba mgongoni.

"Niaje, buda," akasema.

Hiyo ni salamu ya vijana wa vijiweni, na mimi ni mzee wa kanisa. Hata wajukuu wangu, ambao huota kwa Sheng, wakinifikia hubadilisha ulimi.

"Nani amekufundisha salamu hiyo?" nikamuuliza.

"Baba yangu. Alisema mafundi wa hapa ndivyo wanavyosalimiana."

"Baba yako ni nani?"

"Karl Brandel. Alikuwa na karakana ng'ambo ya reli. Wewe ni Fundi Musyoka?"

Nikakubali kwamba ndiye mimi. Kabla sijamkaribisha alikuwa ameshachungulia juu ya bega langu. "Mashine iko wapi?" akasema. Kabla ya kuuliza hali ya watu aliuliza hali ya chuma. Hapo ndipo shaka iliponiingia, na haikutoka upesi.

Mnaijua mashine yenyewe, mnaisugua kila jioni. Ni ile cherehani nyeusi yenye shingo nene kama ya punda, inayopitisha sindano kwenye ngozi iliyokunjwa mara nne bila kulalamika. Bila hiyo Mwende angekuwa mtu wa kubandika soli na kurudisha vifungo vya mikoba. Kwa mashine hiyo anashona mabegi ya shule, mikanda ya walinzi na viti. Watoto wake wamesomeshwa na sindano yake. Sasa huyu mgeni akaingia, akaizunguka, akaipiga picha mbele, akaipiga ubavuni, kisha akainama akaipiga picha nambari iliyochongwa chini ya tumbo lake.

Mwende aliposikia ni mtoto wa Karl, mwalimu wake wa kazi, alimkumbatia mpaka mkoba ukamshuka begani. Mimi sikumkumbatia mtu. Niliendelea kupaka nta uzi ambao ulikuwa umeshapakwa.

Msidhani nilizaliwa na roho ya shaka. Nilifundishwa, na aliyenifundisha ni babu yake huyo msichana. Sisi wafanyakazi tulimwita Bwana Onyesha, kwa sababu hilo ndilo neno alilolitumia kuliko yote. Onyesha mkono. Onyesha uzi. Onyesha kisu. Siku nilipoenda kuomba kazi aliniwekea mezani vipande viwili vya ngozi nyeusi, akaniambia nichague kimoja cha mkanda. Nikachagua kilichong'aa. Akakikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba, rangi ikabanduka kama ukoko wa uji, na chini yake kukawa na nyuzinyuzi za ngozi ya ndani, ile inayochanwa na kupakwa rangi ili ifanane na ngozi ya juu.

"Naona wewe?" akasema kwa Kiswahili chake cha walowezi. "Iko na sababu ya kung'aa hivi. Kitu safi hapana jipaka sana."

Basi shikeni haya kutoka kwake. Ngozi ukiletewa, usisikilize muuzaji, ikunje. Ikitoa mikunjo midogo kama ya paji la uso la mtu anayewaza, hiyo ni ngozi ya juu. Ikitoa ufa mmoja mrefu, ni rangi iliyovunjika. Dondoshea tone la maji: likikaa juu kama shanga, uliza limekalia nini. Kisha nusa. Muuzaji akikukataza kunusa, mrudishie na umtakie siku njema.

Kila jioni alisimama mlangoni na kusema, "Onyesha sindano." Tulizihesabu mbele yake. Tulimchukia kwa hilo, tukadhani anatuona wezi. Siku moja fundi mmoja mwenye hasira akamwambia, "Bwana, sindano moja nitaila?" Mzee akatuketisha wote akatueleza kwamba babu yake, kule kwao Ujerumani, alisahau sindano ndani ya tandiko la farasi. Tandiko likauzwa. Farasi akamtupa aliyelinunua, na yule mtu hakutembea vizuri tena. "Sindano yako ikipotea," akasema, "hapana potea. Iko ndani ya kiti ya mtu." Tangu siku hiyo nilizihesabu hata akiwa hayupo.

Babu huyo wa matandiko hakuwa wa kwanza. Bwana Onyesha alipenda kutusimulia kazi za ukoo wao wakati wa kupaka nta, maana ni kazi inayoacha mdomo bila shughuli. Baba wa babu yake alikuwa fundi viatu katika kijiji cha baridi na matope, akiwashonea wakulima buti. Viwanda vikaanza kutoa buti kwa wingi, wateja wakamwacha mmoja mmoja bila kumwambia. Mwanawe akakishika kisu kilekile akaanza kushona matandiko ya farasi. Mwana wa huyo, ambaye ndiye baba wa Bwana Onyesha, alipanda meli kuja Tanganyika kwa kuwa aliambiwa huku kuna farasi wengi wasio na matandiko. Alipofika akakuta farasi wanakufa kwa mbung'o. Walioishi ni ng'ombe, basi akashona mikanda ya nira na hatamu za magari ya ng'ombe. Habari za vita, na jinsi familia ilivyotoka Tanganyika mpaka Nairobi, mzee aliziruka kama mtu anayeruka mtaro. Nilimtilia shaka kwa hilo, ila sikuthubutu kuuliza.

Malori yakaja, magari ya ng'ombe yakaisha. Bwana Onyesha mwenyewe akageukia mikanda mipana inayozungusha mashine za kahawa, katani na posho. Nayo mpira ukaiua. Mwanawe Karl, ambaye sisi tulimwita Kalo, akashona viti vya magari mpaka viti vya plastiki vikamshinda.

Kwa kweli mwanzoni sikuyaamini. Nilidhani ni hadithi ya tajiri anayetaka wafanyakazi wavumilie. Nikawa namtega. Baada ya miezi namuuliza kwa kinyume: yule wa ng'ombe baba yake alikuwa nani? Alilipwa na nani? Hakujikwaa hata mara moja. Mpaka leo nikiona kazi inakufa mikononi mwa mtu nawakumbuka watu hao. Hakuna hata mmoja wao aliyeiacha ngozi. Waliuliza tu ni kitu gani sasa kinachohitaji kukaliwa, kuvutwa au kufungwa.

Turudi kwa Hanna, ndilo jina la yule msichana. Alipoondoka siku ile ya kwanza nilikwenda moja kwa moja kwa jirani yangu Okumu. Okumu alikuwa karani mahakamani Makadara mpaka alipostaafu, na hakuna kitu kitakachomfanya asahau. Ukimwambia mvua imenyesha atakuuliza nani aliiona.

"Amepiga picha nambari?" akauliza.

"Amepiga."

"Basi Baba Mwende, hiyo si picha. Hicho ni kielelezo."

"Okumu, usinitishe."

"Mimi nimeona kesi za cherehani, kesi za jogoo na kesi ya ukuta wa choo. Zote zilianza kwa mgeni mwenye heshima. Mna hati ya kupewa?"

"Hatuna."

"Ulikuwepo mkipewa?"

"Sikuwepo. Mwende alikuja nayo kwa mkokoteni wakati Kalo anafunga karakana aende Ulaya."

"Mwende alikuja nayo," Okumu akarudia polepole, kama anayeandika. "Maneno hayo usiyaseme mbele ya mtu mwingine."

Akanishauri tuihamishie Pipeline, kwa kijana wangu. Nikamwambia kijana anakaa ghorofa ya sita na ngazi ni nyembamba.

"Tutaomba Mungu," akasema.

"Tuombe, lakini ombi hilo litahitaji mabega, na mimi na wewe hatuna."

Nilipompelekea Mwende shauri la kuificha alikuwa anapima mkanda. Hakuinua kichwa. "Nikiificha, kesho nitashona na meno?"

Basi tukakubaliana nusu. Nikaifunika kwa kitambaa cha meza, kile cheupe cha mikutano ya akina mama, na juu yake nikapanga chupa ya chai na vikombe, ili ionekane ni meza kama meza nyingine. Okumu alikuja kukagua akasema imekaa vizuri.

Hanna aliporudi tukamkaribisha chai. Akanywa, akashukuru, akakiweka kikombe mahali pake kwa adabu. Kisha akauliza, "Kwa nini mmeiwekea mashine vikombe?"

Mwende alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nikamwambia kwamba vumbi la Jogoo Road ni jingi.

Mwende alipotulia, Hanna akatuambia shida yake. Baba yake ana ugonjwa wa mikono kutetemeka, na siku hizi miguu pia. Hawezi kushika kisu. Anakaa dirishani kutwa kwenye kiti kimoja, na akizungumza anazungumza juu ya mashine iliyobaki Mbotela kama mtu anayemzungumzia ndugu yake. "Nataka kumrudishia," Hanna akasema. "Aione, aiguse. Nitawanunulia nyingine mpya, ya umeme, nzuri kuliko hii. Baba alisema aliiacha hapa."

"Mwalimu ndiye aliyekutuma?" Mwende akauliza. Hakuwa anacheka tena.

"Hapana. Hajui niko hapa. Anadhani nimekwenda kupumzika Mombasa. Tafadhali msimpigie simu."

Okumu, ambaye alikuwa amepita hapo kwa bahati kuomba chumvi, akakohoa.

Vijana, neno hilo la msimpigie simu lilinikaa shingoni kama mfupa wa samaki. Anayekuja na haki hasemi usimuulize mwenye mali. Lakini kulikuwa na jambo lililonichoma zaidi, nalo halikumhusu Hanna. Kalo aliiacha, au aliitoa? Kuacha ni kitu kimoja na kutoa ni kingine. Kama aliiacha tu, basi mkate wa binti yangu wa miaka yote hii uliegemea kitu cha watu. Na aliyejua ni Mwende peke yake.

Asubuhi iliyofuata, kabla hatujafungua, nilimuuliza. "Siku ile, mwalimu wako alikwambia nini hasa?"

"Baba, umekaa na swali hilo tangu lini?"

"Tangu mkokoteni."

"Alisema, 'Chukua, ni yako.' Ungeniuliza siku hiyohiyo ningekwambia."

"Nakuuliza leo."

"Leo unauliza kwa sababu ya Mzungu," akasema, akaenda kufungua mlango kwa kishindo. Siku nzima alinirundikia uzi wa kupaka nta.

Nikaketi na uzi wangu nikawaza, na katika kuwaza nikaikumbuka mila ya nyumba ile. Kwa akina Brandel baba hamfundishi mwanawe kazi. Walisema mkono wa baba kwa mwana una makosa mawili, ama utapiga sana au utasamehe sana, na ngozi haitaki vyote viwili. Kwa hiyo kila mmoja wao alifundishwa na mtu wa nje. Kalo alipofikia umri, Bwana Onyesha alimleta kwenye meza yangu, mbele ya mafundi wote, akasema, "Huyu yako," akaondoka.

Nikajua ni jasusi. Mtoto wa tajiri anawekwa mezani pako kwa nini, kama si kusikiliza? Muda mrefu nilizungumza naye habari za ngozi tu. Akitania sicheki. Kilichotuunganisha ni kosa lake. Alikata kiti cha gari kutoka sehemu ya tumbo la ngozi, kwa sababu ilikuwa laini na pana. Mteja alirudi baada ya muda, kiti kimelegea kama shavu la babu. Kalo akawa mwekundu mpaka masikioni. Nikatarajia atasema niliyekata ni mimi, nani angembishia? Akamwambia mteja, "Nilikata mimi, fundi wangu alikuwa msibani." Nikaanza kucheka kwa utani wake kuanzia hapo. Nanyi mkumbuke, kinachobeba uzito kikatwe mgongoni. Tumbo ni la bitana na mapambo.

Mwende alipomaliza shule akataka kazi hii, nikafuata mila yao nikampeleka kwa Kalo. Mama yake, Mungu amrehemu, alinifokea. "Una mikono miwili, unampa Mzungu mtoto?" Sikuweza kumweleza vizuri. Lakini nilijua ningempiga sana au ningemsamehe sana.

Na kuna jambo la pili. Bwana Onyesha alipofariki, tulipotoka makaburini, Kalo alinipa kisu cha baba yake, kile kilichoanza na fundi viatu. Nikakataa, nikamwambia wewe ndiye mwana. Akaniambia kwao chombo hakimfuati mwana, kinamfuata aliyefundishwa; hata kisu hicho kilimfikia baba yake kupitia fundi aliyemfundisha.

Nikampelekea Okumu hoja hiyo mbio. Bwana Onyesha alinifundisha mimi, kisu kikaja kwangu. Kalo alimfundisha Mwende, mashine ikaja kwa Mwende.

Akaipima. "Hiyo ni mila, si hati."

"Mahakama haisikilizi mila?"

"Husikiliza, ikiwa na shahidi. Shahidi wako ni nani?"

Shahidi alikuwa mmoja tu, naye alikuwa Ujerumani, dirishani.

Hanna alipofika Mwende alikuwa ameshika simu. "Nampigia baba yako," akasema.

"Tafadhali, Mwende. Nilitaka kumfurahisha."

"Dadangu, mimi na mwalimu hatujafichana kitu chenye sindano." Akapiga, akafungua sauti tusikie wote.

Ilijibu sauti ndogo, inayotikisika, ila Kiswahili kilikuwa kilekile cha karakana. "Mwende? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mwalimu. Nina mgeni hapa. Hanna."

"Mombasa imehamia Mbotela?"

Hanna akafunika uso.

"Amekuja kukuchukulia mashine," Mwende akasema. "Nataka nisikie kwako. Ukisema ije, nitaifungasha mwenyewe."

Nilisikia saa ya ukutani ya kwao ikigonga. Mikono ya Mwende ilikuwa imeshika shingo ya mashine, na sidhani alijua.

"Inashona bado?" Kalo akauliza.

"Inashona."

"Basi iacheni ishone. Hanna, unanisikia? Mashine ni ya Mwende. Nilimpa. Babu yako angefufuka anipige kama ningempa mwanangu." Akapumua. "Fundi yuko hapo?"

"Nipo, Kalo."

"Fundi, hukumwamini mtoto wako?"

Okumu akatazama mlango. Mwende akatazama uzi wangu, si uso wangu, na nikamshukuru Mungu kwa hilo.

"Mimi chuma nitakifanyia nini?" Kalo akaendelea. "Nikitazame mpaka nife? Kiti changu kimepasuka ngozi, nakaa juu ya blanketi kama kuku anayeatamia. Mafundi wa huku wakija wanaigusa ngozi kwa kalamu, si kwa kidole. Mkitaka kunipa kitu, nishoneeni kiti. Na Mwende, huyo mtoto, mimi siwezi kumfundisha. Unajua."

"Najua, Mwalimu."

Hivyo ndivyo Hanna alivyokalishwa kwenye kigoda cha mwanafunzi. Kumbe kazi yake kule ni kutengeneza mikanda ya miguu ya bandia hospitalini, ndiyo maana ya kisigino kile. Lakini mikanda yao ni ya nailoni, hukatwa na kompyuta. Ngozi alikuwa hajawahi kuishona. Mama yake alipima kiti akatuma vipimo. Mwende akavitilia shaka, akaagiza jirani wa huko apime tena. Vilitofautiana, ikabidi apime mtu wa tatu.

Ngozi tulikwenda kuinunua sote, nikainusa mimi. Mwende alikata mgongoni. Mishono ya chini alishona mwenyewe, ule mrefu wa juu, unaopita nyuma ya kichwa, akampa Hanna. Ulitangatanga kama mlevi. Mwende akachukua kisu akaufumua wote bila kusema. Wa pili pia akaufumua. Kufumua ngozi si kama kufumua kitambaa, matundu hayafungi, kwa hiyo kila mara ilibidi kukata ukanda mwingine.

"Mbona unafumua?" Hanna akalalamika mara ya tatu. "Kosa ni dogo. Hata halionekani."

"Ataliona."

"Macho yake si mazuri siku hizi."

"Hataliona na macho," Mwende akasema. "Anza tena, kanyaga taratibu. Usiisukume ngozi, iongoze tu. Mashine inajua kwenda."

Siwezi kuwadanganya kwamba nilikuwa nimetulia. Okumu alipita kila jioni na shauri la kuifunga mashine kwa mnyororo. Nami siku Hanna alipoondoka na ngozi ya kiti, niliuinua mkoba wake, nikijifanya namsaidia, ili nijue uzito. Akaniona.

"Mzee, nifungue?"

"Hapana, mwanangu," nikasema. Lakini sikuutua mara moja.

Baada ya muda simu ya Mwende ililia, ikiwa na picha inayotembea. Tukakusanyika kibandani, Okumu kidevu chake kikiwa begani kwangu. Tukamwona Kalo, mzee, mwembamba, amesimama kwa fimbo mbele ya kiti chake kilichovikwa ngozi yetu. Hanna alikuwa pembeni. Hatukuwa tumewahi kumwona Kalo na nywele nyeupe.

Hakukaa. Alinyoosha mkono, mkono ukawa unatetemeka kama jani, lakini kidole gumba kilipogusa mshono kikatulia. Akakipitisha polepole kutoka kushoto. Akapita mishono ya Mwende bila kusimama. Alipofika ule wa juu akasimama.

"Huu si wa Mwende."

"Hapana, baba. Ni wangu."

"Ulifumuliwa."

"Mara tatu."

"Yeye hakukuambia kitu?"

"Alisema nianze tena."

Akarudi nyuma kidogo, akaupita tena, safari hii kwa ukucha, akibonyeza kama anayetafuta uongo mahali anapojua kwamba hujificha. Kalo alifika mwisho wa mshono, akakiacha kidole hapo. Kisha akamgeukia binti yake, akamshika mkono, akageuza mgongo wake kwa kiti, akakaa.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akujalie mwalimu asiyekuogopa na mwanafunzi atakayekubali kufumuliwa. Akulinde na ngozi iliyopakwa rangi na maneno yaliyopakwa rangi. Shaka ya kazini akuachie, maana utaihitaji. Ile uliyoiweka moyoni juu ya watu wa nyumba yako akuondolee mapema, wakiwa bado wanaweza kukujibu. Mikono yako iwe na kazi mpaka uzeeni, na siku itakapokataa kushika kisu, upate mahali pema pa kukaa. Amina.